Baraza la Bi Rukia na Gari la Silinda Nane

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale siku za kuanika betri za redio juani ili zipate nguvu za taarifa ya habari ya saa moja, nyinyi ndio ninaowaandikia. Wengine wasome wakipenda. Nasema mapema kwamba naandika kwa hasira. Juzi, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, gari letu lilipambwa maua, likasimamishwa mbele ya watu, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akasimulia namna babu yao, yaani baba yangu, mwanamume shujaa, alivyolifufua peke yake na kulivunjia njia kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mama yangu, amekaa viti vya nyuma na sahani ya biriani mapajani, naye akapiga makofi! Mimi nilikuwa na mtoto begani ananitapikia maziwa. Ningekuwa na mkono mmoja mtupu ningekinyakua kile kipaza sauti.

Basi nalisimulia mimi. Nilikuwapo.

Miaka ya tisini sisi tulikuwa watoto wa vichochoro, nyumba zimekaribiana hata jirani akikaanga samaki wewe unajua ni changu au ni tafi. Tulicheza kibe na kuruka kamba, tukakaa chini tukacheza mdako kwa vijiwe mpaka kucha zikaota vumbi. Tukitoka chuoni, juzuu kwapani na makalio bado yanawaka kwa bakora ya mwalimu, tulipitia viazi karai kwa mama mmoja wa Ndia Kuu ambaye ukwaju wake ulikuwa unakufumba jicho moja. Mabuyu yalitutia midomo rangi nyekundu, tukirudi nyumbani tunakana. "Nani kala mabuyu?" "Si mimi, mama." Na ulimi mwekundu kama pilipili mbivu.

Baba, jina lake Athmani, alikuwa dereva wa lori kule Kilindini. Tajiri wake, Mhindi mmoja wa Ganjoni, alipokuwa anahama kuwafuata wanawe ng'ambo, alimwita baba uani akafunua turubai. Chini yake kuna gari la Kimarekani. Sikujua kama vitu hivyo vipo. Mbele ni saluni, yaani gari dogo la abiria, tena saluni ya kiburi, boneti refu kama meza ya karamu. Nyuma ni pikapu. Usukani uko kushoto. Injini ya silinda nane, ya zile enzi Wamarekani walikuwa wakishindana nani ana nguvu zaidi barabarani. Kisiwani kote hapakuwa na jingine, na mpaka leo mimi sijaliona jingine. Lakini lilikuwa limeoza. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila bati mpaka ukipiga ngumi mkono unapita, na kuku walikuwa wamelalia mayai juu ya kiti.

"Lichukue, Athmani," tajiri akasema. "Wewe una mkono mzuri. Mwingine atalikata auze vyuma."

Pa kuliweka hapakuwapo ila stoo moja ya watu nyuma ya nyumba yetu, mlango wake mpana wa siku za wafanyabiashara wa zamani. Kwa hiyo gari lile liliingia mtaani vipande vipande, juu ya mikokoteni. Milango mbali, bampa mbali, injini imefungwa gunia. Bodi lilichukuliwa na mahamali wanane, wamelilaza ubavu kama kabati la bi harusi, wakiimba. Sisi watoto tukawafuata tukishangilia. Hili mlishike, kwamba liliingia kwa ubavu.

Kazi ilichukua miaka miwili. Kila Ijumaa baada ya sala na kila Jumapili kutwa, baba alikuwa mle ndani. Na mama je? Hapo ndipo mshereheshaji aliponitia kichaa. Mama yangu, Mwanakombo, alikuwa akidarizi kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi. Gasketi za injini, vile vipande vya kuziba maungio yasivuje, hazikupatikana duka lolote. Baba akahangaika mwezi mzima. Mama akaingia stooni, akaitazama ile ya zamani iliyopasuka, akasema, "Hii si kola tu?" Akailaza juu ya karatasi ngumu ya kazi hiyo, akachora kwa chaki ya cherehani, akakata kwa mkasi wake, na matundu ya bolti akayatoboa kama anatoboa kofia ya maulidi. Ikakaa sawasawa, wala haikuvuja. Tangu siku hiyo kukata gasketi ikawa kazi ya mama. Kiti alikishona yeye kwa turubai nene, sindano nne zikavunjika. Kutu tuliikwangua sisi wa kike, mimi na mama, kwa msasa, mpaka viganja vikawa kama ulimi wa paka. Kaka yangu Fadhili alikuwa akija, anapiga honi ambayo haina waya, "pii pii" kwa mdomo, kisha anakwenda zake kucheza mpira. Huyo ndiye aliyemhadithia mshereheshaji.

Wanawake walimsema mama. "Mwanakombo, sasa umekuwa makanika? Buibui lanuka oili." Mama alijibu neno moja tu siku zote: "Kazi haina kanzu wala buibui."

Siku injini ilipowaka nilidhani stoo inaanguka. Haikunguruma kama magari mengine, ilikuwa kama mtu mzito anayekohoa kwa makusudi, unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Vumbi likashuka kwenye boriti, paka wakakimbia. Baba akazima, akaweka paji la uso kwenye usukani. Mama akamwambia, "Usilie juu ya rangi, bado mbichi." Rangi ilikuwa kijani, imepakwa kwa brashi na kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka ukijitazama unaona meno yako.

Wiki ileile mwenye stoo akaja. Anataka stoo yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, aweke mchele na tende. "Nikikuta gari humu, Athmani, naita watu wa mitungi ya gesi walikate. Sina ubaya nawe, lakini stoo ni yangu." Sisi hatukuogopa. Gari lilikuwa tayari, si kutoka tu?

Alhamisi asubuhi baba akavaa shati safi akalitoa. Likapita mlango wa stoo vizuri. Likaenda hatua kumi kichochoroni. Kisha likafika kwenye pembe ya Bi Rukia, likasimama.

Bi Rukia alikuwa mjane, jirani yetu wa tatu. Nje ya nyumba yake palikuwa na baraza la mawe na chokaa ambalo marehemu mumewe alilijenga mwenyewe, na wazee wa mtaa walikaa hapo kila baada ya alasiri na kahawa yao chungu. Baraza lile lilitokeza njiani. Baba aliteremka, akapima kwa shubiri. Akapima tena. Njia ilipungua shubiri moja na nusu.

Mlango wa stoo aliupima mara ngapi! Lakini kichochoro alichokipita kwa miguu maisha yake yote hakukipima, maana nani anapima njia ya kwao? Na sasa bodi halikuweza kutolewa tena lilazwe ubavu, kwa kuwa mipira ya kushikilia bodi juu ya fremu haikupatikana, na baba alikuwa ameliunga bodi na fremu yake kwa moto. Kuvitenganisha ni kukata. Kukata ni yaleyale ya watu wa mitungi.

Ami Swaleh, mdogo wake babu yangu, aliyekuwa mkubwa wa wale wazee wa barazani, akaliangalia gari kutoka pua mpaka mkia. "Yakhe Athmani," akasema, "umemfuga ng'ombe ndani ya chupa." Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Baba hakucheka. Akalirudisha stooni kinyumenyume, akafunga mlango.

Fadhili alijificha chooni kwa aibu. Ahadithie na hilo.

Baba alikataa kabisa kwenda kwa Bi Rukia. Alisema baraza la mtu ni uso wa nyumba yake, na mwanamume hamwombi mjane abomoe alichojenga marehemu. "Afadhali walikate," akasema, na akala chakula bila kutazama mtu. Sikuwahi kumwona baba hivyo. Miaka miwili ilikuwa imelala mle stooni, na mwezi ungeweza kuonekana Jumamosi.

Mama akaosha vyombo. Akajifunga buibui, akanishika mkono. "Ndoo, twende. Usiseme kitu."

Tukapiga hodi. Bi Rukia alikuwa anachambua mbaazi. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, watoto wote tulimkimbia.

"Nimekuja kukuomba baraza lako, Bi Rukia," mama akasema. Hivyo tu, hata hakuuliza hali.

"Baraza haliombwi kama chumvi, Mwanakombo."

"Najua."

"Yule alilijenga mwaka nilipomzaa kitindamimba. Chokaa alichoma mwenyewe."

"Najua. Nitalijenga tena."

"Utalijenga weye?"

"Mimi."

Bi Rukia akaweka ungo chini. "Na mumeo yuko wapi? Amekutuma?"

"Angejua niko hapa angenifunga kamba."

Nadhani hilo ndilo lililomchekesha. Akacheka kidogo, puani. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Sikia. Mumeo akilivunja, watu watasema amemwonea mjane. Wale wazee wakilivunja, watakaa miezi wakibishana jiwe gani lianze. Ulivunje weye, mchana, watu waone kwamba ni mambo baina yangu nawe. Na lisimame kabla ya mwezi kuandama, maana sitaki wale watu wangu watoke tarawehe wakose pa kukaa. Na siku ya kwanza ya gari, kiti cha mbele ni changu."

Ijumaa, baada ya sala, mtaa mzima nje. Mama yangu, kamba kiunoni juu ya buibui, nyundo ya kuvunjia mawe mkononi. Baba alipotokea akataka kumpokonya, na Bi Rukia akampigia kelele kutoka dirishani, "Athmani! Mkono wako mbali na baraza langu!" Baba akarudi nyuma kama mtoto. Mama akapiga la kwanza, jiwe halikusikia. La pili, vivyo hivyo. Ami Swaleh akaanza, "Mwanakombo mwanangu, ingekuwa ni—" na mama akapiga la tatu, na pembe yote ikaanguka miguuni pake. Hakuna aliyemfundisha kazi tena.

Shubiri mbili alivunja. Mbili kamili. Baba akaingia garini, vioo vya pembeni vimekunjwa, na mama akawa anatembea kinyumenyume mbele ya boneti akimwongoza kwa mikono. "Kulia. Tena. Hapo hapo, weye! Taratibu, ukutani kuna bomba." Silinda nane zilikuwa zinakohoa kati ya kuta mbili na madirisha yote yanatetemeka. Likapita. Likachomoza Ndia Kuu, kijani, linameta, na wauza vinyago wakaacha watalii wao wakasimama mlangoni.

Kelele zile, jamani, mpaka leo nikifumba macho nazisikia. Bi Rukia akapanda mbele, mkoba mapajani, anatazama mbele tu kama mke wa waziri. Sisi watoto tulijaa nyuma kama maembe. Tukazunguka mpaka Mbaraki na kurudi. Mama hakupanda. Alikuwa anachanganya chokaa na mchanga.

Ijumaa ile usiku na kutwa ya Jumamosi mama alijenga, mimi nachota maji, baba anampa mawe. Ndiyo, baba ndiye aliyekuwa kibarua, na hakuona haya. Jumamosi magharibi lilikuwa limesimama, limepungua upana kidogo. Ami Swaleh hakungoja likauke. Kikoi chake cha buluu kikatoka na makalio mawili meupe, na Ramadhani yote tulimwita Ami Chokaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Leo nawatazama vijana wetu wakilizunguka gari lile kwa simu, mmoja ameegemea boneti amekunja mikono kama amelijenga yeye. Nikamwuliza, "Oili inatiwa wapi, baba?" Akanionyesha pa maji. Wakipata pancha wanapiga simu, wanakaa kivulini wanapiga picha gurudumu. Siwachukii. Lakini sisi tulijua bei ya kitu kwa malengelenge, na tulijua jina la jirani wa tatu. Leo kichochoro kikiwa chembamba watu hutafuta wakili. Sijui nani leo angeuvunja uso wa nyumba yake kwa ajili ya gari la mtu mwingine, na sijui nani angekuwa na uso wa kumwomba.

Baada ya harusi nilimfuata mama jikoni kwake, bado nachemka. Nikamwambia, "Mama, wamekufuta mbele yako na wewe unapiga makofi?"

Alikuwa anamnawisha mwanangu miguu. "Gari si lilitoka?" akasema.

Kizazi chao kiliishia hapo: kitu kimetoka, yatosha. Mimi sina subira hiyo, na sitaki binti yangu akue akipiga makofi kwa uongo. Kwa hiyo someni vizuri, na mkiliona lile gari la kijani limesimama Mji wa Kale, mkasikia mtu anaanza "babu alivunja," mkatizeni. Aliyevunja ni Mwanakombo, mshona kofia. Mapigo matatu.