Siku Niliyobomoa Madhabahu Queensbury

Hii nimewaficha miezi minne, na hata sasa naisema tu kwa sababu Mama Brayo wa kanisani ameanza kuisimulia vibaya, eti nilitoa pepo kwa nyumba ya Wahindi. Sikutoa pepo. Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho, na afadhali mkisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua mimi humtunza mama mmoja huku ughaibuni, kule Queensbury, Mhindi wa Kisumu, miaka themanini na mbili, tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alizaliwa nyuma ya duka la babake, mimi nimezaliwa Siaya, na akitaka kunigombeza huacha Kiswahili akanigombeza kwa Kijaluo ndiyo niumie vizuri. Hamu yake ilikuwa imebaki moja tu: kwenda India siku sita, Dwarka kisha Somnath, ile miji ya mahekalu, akasimame mbele ya mungu wake kabla magoti hayajakataa kabisa. Wazee saba wa hekalu lake walikuwa wanaenda, na walikubali niende nao nikisukuma kiti chake cha magurudumu.

Shida ilikuwa mwanawe, Kirit. Alisema mama haendi popote mpaka anione mwenyewe, ajue kama mimi ni mtu mtulivu wa kuaminiwa. Basi kikao cha mwisho cha kupanga safari kikafanyika sebuleni kwa Ba Jumamosi mchana, wazee wamejaa makochi, na Kirit yuko ofisini na tai yake, tunamwona kwenye tableti tuliyoegemeza kwa bakuli la matunda. Kazi yangu ilikuwa ndogo sana: nisimame, nieleze dawa za Ba, kiti chake na mambo ya choo, nikae. Nilikuwa hata nimeandika kwa karatasi.

Sasa niambieni, Mkenya gani husimama kwa kikao akaanza tu kuongea? Kwetu hata kikao cha kuchagua rangi ya sare za harusi hufunguliwa na maombi. Nikasimama, nikaona watu wazima wote wananitazama, kichwa kikaenda chenyewe, nikasikia sauti yangu ikisema kabla hatujaendelea tufumbe macho. Na wazee wa watu, kwa adabu zao, wakafumba.

Hapo ningesema sentensi mbili nikae. Lakini mimi ni wa kundi la maombezi la kanisa letu la Edmonton, sisi maombi mafupi hatuna, nikaanza polepole na kushukuru kwa ajili ya siku, nikaingia kwa viza, nikaingia kwa ndege, rubani, matairi ya ndege, nikamtaja Ba, goti lake la kushoto linalomtesa akishuka ngazi, sukari yake, kibofu chake (ndiyo, mbele ya wazee), sauti ikapanda, mkono ukapanda, na ule mkono ukagonga kengele ndogo ya shaba kwenye rafu, ikaanguka ikalia, na wale wazee wakisikia kengele hukutanisha mikono kwa mazoea ya hekaluni, nami nikachungulia kwa jicho moja nikaona sebule nzima imeunganisha viganja, nikajua upako umeshuka. Nikaongeza moto. Nikanguruma kama niko kesha: "Tunabomoa kila madhabahu iliyoinuka kinyume na safari hii. Kila sanamu ianguke, ianguke, ianguke!"

Nikafumbua macho. Mbele ya pua yangu, kwenye ile ile rafu niliyopangusa vumbi asubuhi, Krishna mdogo wa Ba, sanamu ya mungu wake, na filimbi yake, amevishwa nguo mpya ya manjano kwa sababu ya safari, ananitazama.

Jamani. Wangekuwa hawajui Kiswahili ningejitetea. Lakini huyu ni wa Jinja, yule wa Tanga, wawili wa Nakuru, wote walinielewa neno kwa neno. Nilitaka kuomba msamaha nikajikuta nimesema "Amina", na mzee wa Tanga, aliyesomea shule ya wamisionari, akaitikia "Amina". Mkewe akamfinya.

Kirit Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza cha kuandikia barua akasema ameona vya kutosha, mama haendi. Nilimwangalia Ba, ameshika ncha ya sari yake kwa vidole viwili, na niliumia mpaka nikalia pale pale, machozi na kamasi, nikaanza kutafuta koti langu.

Ba akaniambia nikae. Kisha akaivuta tableti karibu. "Kirit, goti linaloniuma ni lipi?"

Kirit akafikiri. Akasema la kulia.

"La kushoto," akasema mzee wa Tanga, ambaye alikuwa amelijua dakika tano zilizopita.

"Huyu amekosa adabu, nitamgombeza mwenyewe," Ba akasema. "Lakini mwili wangu anaujua, wewe huujui. Naenda naye."

Na kweli alinigombeza, kwa Kijaluo, siku tatu, baada ya kunifanya niokote kengele, ninawe mikono na kumwekea Krishna ua la kuomba radhi. Kirit alikubali bila kusema amekubali, alituma tu soksi za kubana miguu ndani ya ndege. Na kule Dwarka Ba aliinuka kutoka kwenye kiti akasimama kwa miguu yake, akilia kimya, mkono wake mmoja umeng'ang'ania wangu, nami mdomo nimeufunga kabisa.

Niliapa siku ya kikao, na bado naapa: kwenye kikao cha watu wengine nitaomba kimoyomoyo, macho wazi, sentensi moja. Mmeona jinsi nilivyobadilika. Ila kuna mara moja tu nilikosea, asubuhi ya kuondoka, tukiwa foleni ya mizigo uwanja wa ndege, mke wa mzee wa Tanga akanivuta kando, akatazama huku na huku, akaninong'oneza kwamba kwenye yale maombi mgongo wake sikuutaja. Nikahakikisha Kirit, aliyekuja kutusindikiza, hatuoni, nikautaja.