Mafuta Yaliyochoka

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini, sikupewa hata mwiko. Mpishi Mkuu wa kantini ya kiwanda cha mafuta ya pamba, Shinyanga, alinisimamisha mbele ya karai. "Tazama tu, Mama Kulwa. Yakianza kutoa moshi, niambie."

Nilimwambia nikiwa nimechelewa. Akaliipua karai bila kugomba.

"Mafuta ya mbegu hayapendi moto mkali," alisema. "Ukizidi, yanavunjika. Ukiyarudia rudia jikoni yanashika hewa, yanakuwa meusi na mazito, na povu lake halitulii. Hapo si chakula tena."

Tulikaangia mara mbili, tatu, tukichuja kila mara. Yakibadilika rangi tuliwapa wachemsha sabuni.

Miaka ya themanini nilikuwa nimehamishiwa chuo kimoja cha bweni, upande wa Geita. Bidhaa zilikuwa zimeadimika. Debe moja la mafuta lilitakiwa litufikishe mwisho wa mwezi. Kufikia wiki ya tatu yalikuwa yananata kama lami, na moshi wake ulitutoa machozi. Nikaenda kwa Mkuu wa Chuo.

"Shikamoo, Mkuu. Mafuta yameharibika. Naomba tupike vya kuchemsha mpaka gari la bohari lije."

"Marahaba. Kesho tuna wageni kutoka wilayani, Mama Kulwa. Utawapa samaki wa kuchemsha?"

"Ni afadhali, Mkuu."

"Kaanga."

Nikakaanga. Wageni walikula pamoja na wanafunzi, wakaondoka. Jioni wanafunzi walianza kutapika. Veronika, binti wa Ushirombo aliyezoea kunisaidia kuchambua mchele, alipelekwa zahanati kwa machela. Mganga alisema huenda ni samaki, huenda ni mafuta. Mimi mafuta nilikuwa nimeyaona.

Asubuhi nilichimba shimo nyuma ya jiko nikayamwaga yote. Mkuu wa Chuo akaniondoa jikoni, nikafagia mabweni miaka miwili, hadi mkuu mwingine aliponirudisha. Veronika alipona siku ya nne. Alikuja kunisalimia, nikashindwa kumtazama.

Sasa nimestaafu, nakaa Kalangalala, mjini Geita. Kifua kimechoka kwa moshi; nikienda sokoni napumzika njiani mara tatu. Wapishi vijana waliosikia habari ile hunisifu: "Bibi, wewe ulithubutu kumwaga mafuta ya chuo." Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi naishiwa pumzi kabla sijafika pale penyewe, kwamba niliyamwaga baada ya kukaanga.