Habari Zisubiri Mwisho wa Mstari

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru, tulipohamia Likuyani kwenye shamba lililokuwa la mzungu, sikuogopa kazi. Niliogopa habari. Kwetu, pembeni mwa msitu wa Buyangu, habari ilikuja mara moja moja, tukaitafuna wiki nzima. Likuyani zilikuja kama siafu. Leo Bwana Shamba anataka tupande mbegu ya kisasa, peke yake, bila maharagwe. Kesho mtu wa ushirika anasema tungoje mbolea. Bwana Mifugo alikuwa na lake kuhusu josho, chifu alikuwa na baraza, kanisa lilikuwa na kamati, na shule ambayo haijajengwa ilikuwa na kamati mbili.

Mume wangu hakukosa mkutano hata mmoja. "Tulipigania hii uhuru ndio tukae nyumbani?" aliniuliza akifunga viatu. Yeye hakupigania chochote, alikuwa mpishi Kitale.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa udongo, na shamba letu lilikuwa limelimwa, limelala tupu. Tuliambiwa kwamba asiyelipanda shamba lake atanyang'anywa, apewe mwingine. Hiyo ndiyo habari pekee niliyoiamini bila kuuliza mara ya pili.

Sasa, kilichonichelewesha si uvivu, ni wageni. Kwetu mgeni hapokelewi na mtu aliyeinama na jembe. Unanawa, unamtolea kiti, unawasha moto, na akiwa mtu mkubwa, lazima kuku, ingokho, akimbizwe uani. Akishashiba ndipo aseme kilichomleta, na mara nyingi kilichomleta ni mkutano. Nusu siku imekwenda.

Basi nikajitungia sheria. Asubuhi ni ya mbegu. Mgeni akija nitamwamkia kwa mdomo, mikono ikiendelea. Akitaka kusema, anishikie kamba ya kupandia, aseme tukitembea. Majirani walinicheka, wakasema nimeokota kiburi cha kizungu kwenye udongo. Wacha wacheke. Watu wenye habari nyepesi hawapendi kuinama, na Bwana Shamba mwenyewe alifupisha hotuba. Mistari ikaanza kuonekana.

Ndipo akaja baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, kutoka Buyangu. Ilikuwa bado asubuhi na mume wangu yuko barazani kwa chifu. Nilimwamkia nikiwa nimeinama.

"Mwanangu, hata kiti hakuna?"

"Kiti kipo, Baba. Tumalize kwanza huu upande. Habari za nyumbani?"

"Ziko," alisema.

Akavua viatu, akakunja suruali, akashika kamba. Tulipanda mstari baada ya mstari, naye, mtu wa maneno mengi, hakusema ila "sogeza" na "hapo." Nilijisifu moyoni kwamba hatimaye nimepata mgeni anayejua thamani ya wakati. Basi la Kakamega, la kwenda kwetu, moja tu kwa siku, lilipita barabarani tukiwa katikati ya shamba. Aliinua kichwa akalitazama mpaka likapotea, kisha akarudi kwenye kamba.

Upande ulipoisha nilinawa, nikamtolea kiti. Hakukikalia. Alinionyesha nikae mimi.

"Mama yako ni mgonjwa sana," alisema. "Anakuita."

Nilimfokea, jambo ambalo sijamfanyia mkubwa mwingine. Kwa nini hakusema asubuhi, basi likiwa bado halijapita?

"Mtu haambiwangi neno kama hiyo akiwa amesimama," alinijibu polepole. "Nilikuwa nangoja ukae."

Tuliondoka alfajiri kwa miguu, tukapata lori la mbao njiani. Tulipofika nyumbani, watu walikuwa wameshajaa uani, na wanawake walikuwa wakilia. Dada yangu aliniambia kwamba jioni iliyotangulia, kila gari likilia barabarani, mama aliuliza kama ni mimi.

Nimeifikiria sheria yangu miaka mingi na bado siioni mbaya. Mahindi yaliota, shamba likabaki letu. Lakini habari ndogo ina mdomo mkubwa, hujitangaza tangu njiani. Neno zito huja kimya, likavua viatu, likakusaidia kupanda. Ningelijuaje? Hilo huniuma hata leo, na sijui wa kumlaumu.

Nilirudi Likuyani baada ya matanga. Asubuhi moja nikiwa napalilia, tarishi wa chifu alitokea njiani. Nilitupa jembe, nikatoa viti viwili, nikaketi kabla yake, mikono mapajani.

"Haya," nikamwambia. "Niambie."

Akasema baraza limeahirishwa. Nilianza kulia, nikashindwa kujizuia, naye maskini akashika kofia yake asijue pa kutazama.

"Mama, pole," alisema. "Ni wiki moja tu."