Mguu Mfupi wa Benchi la Tatu

Kwenye mazishi ya baba ulisomwa wasifu wa nusu ukurasa. Ulisema alizaliwa, akabatizwa, akajifunza useremala, akaoa, akapata watoto wanne, akaugua kifua, akalala. Yote ni kweli. Aliyesoma ni binamu yangu, ana sauti nzuri, na alimaliza kabla kina mama wa nyuma hawajamaliza kukaa. Jambo moja halikuwemo. Mimi ndiye mtoto niliyekuwa naye siku zile, kwa hiyo naliandika hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa mbali, na kwa watu wa kanisani ambao bado wananiuliza kwa nini benchi la tatu, upande wa dirishani, lina mguu mmoja wa rangi tofauti.

Mtaani baba aliitwa Unywele. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakusema kitu kimezidi au kimepungua. Alisema, "Bado unywele mmoja," akarudi kwenye randa. Mlango aliouweka yeye haukusukumwa kwa goti. Penseli yake ilikaa nyuma ya sikio hata akiwa amelala. Mama ni shahidi. Mtu wa namna hiyo hakosei mguu wa benchi, na ndiyo maana kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemshuku.

Lazima nianze na posa. Baba alipokwenda kumposa mama, aliyempokea ni kaka mkubwa wa mama, yaani mjomba wangu, karani wa ofisi ya maji. Baba alimletea zawadi ya kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Mjomba akakiweka katikati ya sebule, akakikalia mbele ya watu wote, na kiti kikacheza. Ko. Ko. Mjomba akamtazama baba, akasema:

"Kijana, miguu minne imekushinda. Mke mmoja utamweza?"

Watu walicheka. Mama anasema hata yeye alicheka, maana ilikuwa vigumu kutocheka. Kiti kilikuwa sawa. Sakafu ndiyo iliyokuwa na bonde, na baba aliliona bonde hilo kwa jicho tu tangu alipoingia. Lakini huwezi kwenda kuposa ukamwambia shemeji kwamba nyumba yake imepinda. Alinyamaza, akapewa mke, na kwa nje yakaisha.

Miaka saba baadaye kanisa lilimpa baba kazi ya mabenchi kumi na mawili. Kila mtu alijua mjomba anakaa wapi: safu ya tatu, upande wa dirishani, mwisho wa benchi kwenye njia ya katikati. Baba alitengeneza mabenchi kumi na moja ambayo mpaka leo ukiweka glasi ya maji juu yake, maji hayainami. La kumi na mbili alilikata mguu mmoja ukapungua kwa unene wa njiti ya kiberiti, mguu wa nyuma, chini kabisa ya mjomba. Sakafu ya kanisa ni ya saruji, imenyooka. Safari hii hakukuwa na bonde la kulaumiwa.

Tangu hapo, kila mjomba alipokaa au kusimama, benchi lilisema ko. Mtu mwingine angehama. Mjomba hakuwa mtu wa kuhama, wala wa kumlalamikia shemeji yake fundi. Alikata kipande cha boksi la sabuni, akakikunja mara moja, na kila Jumapili kabla ya kukaa aliinama, akakisukuma chini ya mguu. Ibada ikiisha alikitoa, akakirudisha ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kwa sababu kina mama wa usafi walikuwa wakisogeza mabenchi na kufagia kila kitu. Boksi likichakaa alikata lingine. Siku alizosahau, kanisa zima lilimsikia akiungama dhambi zake kwa mdundo.

Sasa nije kwenye toba. Baba alikuwa mtu wa kutubu sana. Wiki za uamsho zilipokuja, yeye alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa. Alitubu hasira, kiburi, uvivu wa kusali, maneno aliyomwambia muuza mbao. Alilia mpaka kola inalowa. Mama alimwambia siku moja wakiwa njiani kurudi, "Baba watoto, leo naona umemaliza za kwako, ukaingia za jirani."

Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu walipoanza kwenda kwenye Meza ya Bwana, baba alitoka nje kuangalia bawaba ya mlango. Waliokaa mbele walidhani atashiriki na wa nyuma. Waliokaa nyuma walidhani ameshashiriki na wa mbele. Mama alijua, na alipomuuliza alijibiwa kwamba bawaba inalia. Sijawahi kuona bawaba iliyotunzwa kama ile.

Mwaka wake wa mwisho kifua kilibana. Daktari alisema ni vumbi la mbao la miaka arobaini, na hakutuficha kwamba muda si mrefu. Nilirudi nyumbani kumuuguza. Ndipo akaja mchungaji wetu mpya, mama mmoja mfupi anayehubiri bila kupaza sauti. Ilipofika wiki ya uamsho baba akasimama kama kawaida, akalia kama kawaida, na mchungaji akangoja amalize. Kisha akasema, si kwa baba peke yake, kwa wote:

"Machozi tumeyaona. Mtu aliyepotea njia akikaa chini akalia, bado amepotea. Kutubu ni kugeuka na kutembea. Nionyesheni mnatembea kwenda wapi."

Baba alikaa. Hakula siku ile. Kesho yake asubuhi aliniita karakanani, akaniambia habari ya mguu kuanzia mwanzo, akiwa ameshika msumeno, kama mtu anayeeleza kazi ya mteja.

"Sitaki kufa nikiwa nimesimama mlangoni," alisema.

"Basi si ukamwambie mjomba, baba?"

"Kwanza mguu. Nikianza kumwambia nitakuwa nimempa maneno. Shemeji maneno anayo ya kutosha."

"Tuurefushe huo huo?"

Aliniangalia kwa huruma. "Mguu haurefuki, mwanangu. Naweza kukata ile mitatu ilingane nao, halafu shemeji akae chini kuliko wenzake kama mtoto wa chekechea. Hiyo itakuwa dhambi ya pili. Tutachonga mpya."

Mguu ule ulituchukua siku nne. Alipiga randa mara tatu, akakaa, akavuta pumzi, akapiga tena tatu. Mti wa zamani haupatikani siku hizi, ndiyo maana rangi haikulingana. Jumamosi mchana, kina mama wa usafi walipoondoka, tuliingia kanisani tukalilaza benchi. Nilikata mguu wa zamani yeye akinielekeza, tukachokoa tundu kwa patasi, tukapaka gundi, tukagonga mpya. Tulipolisimamisha alikaa mahali pa mjomba, akayumba kushoto, akayumba kulia. Kimya. Alirudi nyumbani anatembea kama bwana harusi, na mguu wa zamani aliubeba kwapani.

"Yamekwisha," aliniambia. "Mungu ameona."

"Na mjomba?"

"Mjomba atakaa vizuri. Anataka nini zaidi?"

Hapo ndipo yeye, aliyepima kila kitu, aliposahau kupima mazoea ya mjomba. Jumapili mjomba aliingia, akatoa boksi lake kitabuni, akainama bila kuangalia, akalisukuma chini ya mguu ambao sasa ulikuwa sawa, akakaa. Ko. Akainama tena, akalikunja boksi mara ya pili. Ko, kwa nguvu zaidi. Wakati wa sala ya maungamo alikuwa amelikunja mara tatu, na mwenzake wa benchi alikuwa ameshikilia dirisha. Baba alikuwa nyuma kabisa pamoja nami. Nilimwona anafumba macho, nami nikajua haombi.

Jumapili ya pili mjomba alikuja na boksi jipya, nene zaidi. Alhamisi baada ya hapo alikuja nyumbani.

Baba alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, mto mgongoni. Mama alileta chai, akakaa. Mjomba alikunywa nusu kikombe ndipo akasema:

"Shemeji, pole na kifua. Sikuja kukusumbua, lakini benchi lako limeharibika. Miaka yote lilikuwa linacheza kistaarabu. Sasa linanirusha. Naona hata mbao zinazeeka kama sisi. Unaweza kumtuma fundi mwingine, au nilitupe stoo nikae kwingine?"

Njia ilikuwa wazi mbele ya baba. Angesema tu, "Acha kuweka boksi," na mjomba angeondoka akimsifu kwa ufundi wa kutambua ugonjwa wa benchi kwa mbali. Niliona jibu hilo linamjia mdomoni. Alikohoa muda mrefu. Mama akamshika bega.

"Toa boksi," baba alisema.

"Nikilitoa litacheza."

"Halitacheza. Nimebadilisha mguu."

"Lini?"

"Jumamosi ya wiki juzi."

"Na wewe mgonjwa hivi! Nani alikwambia ni mfupi?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliukata mimi."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Ulikosea kipimo?"

"Sikukosea. Nilipima. Unene wa njiti ya kiberiti, chini ya mahali unapokaa."

Mama alisema, "Yesu wangu."

"Kwa nini?" mjomba akauliza.

Baba akamweleza posa, kiti, bonde la sakafu, na yale maneno ya miguu minne na mke mmoja. Mjomba alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Watu walicheka?"

"Sana."

"Hata huyu dada yangu?"

"Hata mimi," mama alisema.

"Basi lilikuwa neno zuri," mjomba alisema, "ila silikumbuki kabisa."

Nadhani hilo lilimuumiza baba kuliko kifua. Miaka yote amebeba neno ambalo aliyelisema aliliacha sebuleni siku ile ile. Lakini hakugeuka nyuma. Aliniambia nimletee mguu wa zamani uliokuwa chini ya kitanda, akampa mjomba kwa mikono miwili.

"Huu ndio huo. Nimekukosea mbele za Mungu, kila Jumapili, miaka ishirini na sita. Nisamehe, shemeji. Sina sababu nyingine ya kukupa."

"Miaka ishirini na sita," mjomba alisema. "Nimeinama mbele ya watu, na mgongo huu. Watoto wa shule ya Jumapili wananiigiza, nawaona." Akasimama, akaweka mguu kwapani, akatoka. Hakuaga. Chai ilibaki nusu.

"Umeona?" baba aliniambia baadaye. "Ndiyo maana kulia ni rahisi."

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Baba alisisitiza kwenda, ingawa kutoka barabarani mpaka mlangoni alipumzika mara tano. Mjomba aliingia amechelewa, jambo ambalo hafanyi. Alifika kwenye benchi lake, akatoa boksi, akainama. Akabaki ameinama hivyo muda. Kisha akainuka, akatia boksi mfukoni, akakaa. Benchi halikusema kitu. Naye hakugeuka kututazama hata mara moja.

Watu walipoanza kwenda kwenye Meza ya Bwana, baba alishika mgongo wa benchi la mbele yetu, akainuka. Nikadhani anakwenda mbele. Akageukia mlangoni.

"Baba," nilinong'ona.

"Hajasema amenisamehe. Siwezi kumlazimisha mbele ya altare."

Alikuwa amefika bawabani, amenyoosha mkono, ndipo mjomba aliposimama, akaja moja kwa moja nyuma kwa njia ya katikati, kinyume na watu wote waliokuwa wanakwenda mbele. Walimpisha. Alisimama kati ya baba na mlango, akaufungua, akaufunga, akausikiliza.

"Bawaba nzima," alisema. "Twende."

"Shemeji, bado hujani..."

"Nimelala siku tatu nakuchukia. Nimechoka, na mimi si kijana. Nimekusamehe. Shika mkono wangu, twende, mkate usije ukaisha."

Walikwenda mbele wakiwa wameshikana, polepole sana. Mchungaji aliwangoja. Sikuona uso wa baba alipopokea, kwa sababu nilikuwa nyuma yake, na kwa sababu nilikuwa ninalia.

Baba alilala wiki tano baadaye, mchana, madirisha yakiwa wazi. Jumapili zake mbili za mwisho kanisani alikaa benchi la tatu pembeni mwa mjomba. Nilipomuuliza linakaaje, aliniambia, "Liko sawa," bila kutaja unywele.

Baada ya matanga nilikwenda kumsalimia mjomba. Yuko katika nyumba ile ile, na bonde bado lipo sebuleni, nililikanyaga. Alikuwa amekaa karibu na dirisha lililofunguliwa, na kilichozuia dirisha lisijifunge ni mguu wa benchi.

"Ni mfupi kidogo," alisema alipoona nautazama. "Nimeuwekea boksi chini."