Nafasi ya Kula Vumbi

Timu yetu ya mbio za pikipiki ilikuwa na nafasi mbili, na ya kwanza haikuwa na ubishi: kinara wetu alijulikana. Ugomvi ulikuwa juu ya nafasi ya pili, ile ya kula vumbi. Anayeipata hukaa nyuma ya kinara, huwazuia wapinzani wasipite, kisha humaliza bila kupigiwa makofi na mtu. Mwenye timu, mama mwenye duka la vipuri mjini Kitui, alinipa mimi kazi ya kumchagua. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi na sijawahi kushindana hata kwa baiskeli. Waendeshaji walinikumbusha hilo kila asubuhi badala ya salamu.

Waliowania ni wawili. Mmoja wa Kambu, upande wa Makueni, mwenye kasi na mdomo. Mwingine wa Tulia, hukuhuku Kitui, mkimya, hata chai alikunywa akiwa amegeukia ukuta. Siku ya majaribio tulikwenda kwenye barabara ya murram, ya udongo mwekundu usio na lami, nje ya Mutomo, na nusu ya soko ikatufuata, watu wa boda wakiwa mbele. Nikawaeleza: kila mmoja atamfuata kinara mzunguko mmoja na amalize nyuma yake. Nilieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, kisha tena kwa Kiswahili. Mpaka leo najiuliza kama ilitosha.

Wa Tulia alianza. Alirudi nyuma ya kinara akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na watu wakamcheka. Wa Kambu naye alifuata vizuri mpaka kwenye mchanga wa mto mkavu. Hapo watu wa boda wakaanza kumpigia honi. Akampita kinara. Akamaliza peke yake, mkono mmoja juu, na wakambeba mabegani.

Ilifaa ningoje honi zinyamaze. Sikungoja, kwa kuogopa nitabadili mawazo. Nikatangaza kwamba nafasi ni ya mtu wa Tulia.

Wa Kambu alishuka mabegani polepole. "Nimemshinda kinara wako mbele ya watu wote hawa. Wewe msomi ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikwambia ukae nyuma."

"Nyuma hukaa mkia. Ukae wewe."

Mtu mmoja wa boda, aliyekuja naye kutoka Kambu, akasema watu wa Kitui ni kuchaguana wao kwa wao. Wengine wakaitikia, na jiwe likagonga ubavu wa pikapu yetu. Nilimpigia simu mwenye timu nikiwa ndani yake, vioo vimefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wateja wake wengi wanatoka Makueni, na tukishindwa kwenye mashindano nisirudi dukani hata kuchukua sweta yangu.

Nikabaki na kazi ya kumpongeza niliyemchagua. Nilimkuta nyuma ya pikapu akinawa uso kwa maji ya chupa. Nikamnyooshea mkono. Hakuushika.

"Umenichukua kwa sababu nakubali kudharauliwa," alisema. "Usidhani sijaelewa."

Nilianza kumweleza habari za nidhamu na pointi za timu. Alivaa helmeti kabla sijamaliza. Kinara alikuwa amewasha pikipiki kwa mzunguko wa mwisho wa mazoezi siku hiyo. Naye akawasha yake, akaingia katika vumbi la mwenzake, umbali uleule niliomwagiza.