Shemeji Alivyotafsiri Kitabu Changu

Bwana asifiwe, wapendwa. Mmeshindaje? Mimi leo nimelipiza kisasi, Mungu anisamehe, na nimefurahi.

Mnamkumbuka shemeji yangu dereva wa watalii? Yule aliyenicheka mbele ya kwaya, eti mtu wa darasa la saba haelewi vitabu vya sayansi?

Leo kanipa lifti kutoka kijiji cha Qurus. Mgeni wake, mtalii aliyekuwa naye garini, akaona kitabu mapajani mwangu, akauliza kitu kwa Kiingereza. Shemeji akanigeukia:

"Anauliza unasoma nini. Nimwambie mapishi?"

"Mwambie ni cha volkano. Kreta, lile bonde kubwa mnalokwenda kuliona, ilikuwa mlima, ukalipuka, kilele kikadidimia. Si jiwe lililoanguka kutoka angani, kama unavyowadanganya wageni kila siku."

Shemeji akakaza macho barabarani.

"Tafsiri, shemeji. Mgeni anasubiri."

Akatafsiri, jasho linamtoka. Nilisikia akimwambia mgeni "sori" mara mbili!

Nimsamehe Jumapili, au nimwache mpaka Pasaka? Nijibuni mapema.