Nilipima kelele za ndege za mafunzo kwenye bonde letu Lushoto, nikamkuta mama ndani ya kinasa sauti

Habari za saa hizi wakuu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, mwaka wa nane sasa. Huwa napita, nacheka, naondoka. Leo nimeshindwa kupita. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, siyo chai, na wa kuniumbua wapo maana nusu ya kijiji chetu mna simu.

Jina la kambi ya jeshi silitaji, la kampuni yangu pia. Ukijua, kaa nayo.

Kazi yangu ni mazingira. Mradi mkubwa ukija lazima ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, ile ripoti nene ambayo wengi wenu mnaamini huwa inaandikwa hotelini. Ndani ya hiyo ripoti mimi ni mtu wa kelele. Nabeba kipima sauti na kinasa chake, nasimika mahali, nasubiri, narudi na data.

Basi tukapata kazi ya jeshi. Kambi moja ya ndege huko tambarare ilikuwa inaleta ndege mpya za kufundishia marubani. Hizi siyo kama za abiria kwamba ikishapita imekwenda zake. Mwanafunzi anapewa zoezi, anazunguka, anakosea, anarudia. Mara kumi, mara ishirini. Njia mojawapo iliyopendekezwa ilikuwa inapanda juu ya milima ya Usambara, upande wetu.

Nikisema wetu namaanisha kwetu kabisa. Nimezaliwa huko juu, ukishapita Lushoto mjini unaelekea Mlalo.

Kiongozi wa timu ni mama mmoja tunamwita Dokta, mkali, hacheki na mtu. Alipoona najua Kishambaa akanipa milima. Wenzangu wanaochunguza ndege, hawa ndege wenye manyoya, walipelekwa Sigi na Kwamkoro, Usambara ya mashariki, maana njia ya pili ilikuwa inapita juu ya msitu wa kule.

Wakuu, nilifurahi. Nilikuwa sijafika nyumbani miaka minne. Baba alishatangulia, mama yupo, na mimi niko Morogoro kila mwaka nasema mwaka huu naenda. Ukianza kupanda kutoka Mombo, ukifika Soni tu, hewa inabadilika. Nilishusha kioo cha gari nikaacha baridi iniingie mpaka dereva akalalamika. Sikumjali. Nilikuwa nimeikumbuka ile baridi mpaka kwenye mifupa.

Sasa hapa naomba nieleze kitu kimoja, usiruke.

Kwetu nyumba ziko juu ya migongo ya milima na mabonde yako katikati. Jirani yako unamwona, unaona anaanika mahindi, lakini kumfikia ushuke mpaka mtoni halafu upande. Saa nzima, kama magoti ni mazima. Kwa hiyo watu wanaitana. Siyo kupayuka, kuna namna yake. Unasimama ukingoni mwa uwanja, unavuta jina, unaliachia liende, unanyamaza. Mwenzako anaitikia. Ndipo mnaongea.

Mama yangu na dada yake, mama mkubwa Fatuma, wamekaa hivyo maisha yao yote ya ndoa, huyu huku na yule ng'ambo. Kila asubuhi baada ya swala, kukianza kupambazuka, mama anatoka. "Daadaaa." Ng'ambo inajibu, "Eeeeh." Onga makeo, ndiyo salamu yetu ya asubuhi, halafu mguu unaendeleaje, mvua imepiga huko, maharage umeyavuna. Ukungu ukiwepo hawaonani kabisa, wanaongea na weupe. Siku hizi miguu ya wote wawili imekataa ile njia ya mtoni, kwa hiyo kuitana ndiyo kuonana kwao.

Najua kuna mtu tayari anaandika "si wapige simu". Simu wanazo. Niliwahi kumwambia mama hivyo hivyo, akaniangalia kama nimetoka mwezini. Akasema, "Mtu ninayeona moshi wa jiko lake nimpigie simu?"

Tuendelee.

Nilichagua vituo sita vya kupimia. Kimoja nikakiweka uani kwa mama, kwa sababu za kitaalamu kabisa, pako juu na pako wazi. Siku mbili bila ndege, siku mbili kambi inaleta ndege za majaribio.

Na hapa ndipo nilipokosea, tena makosa ambayo mgeni kutoka Dar angesamehewa, mimi hapana.

Nilifika nyumbani na watu wawili wa timu, nimevaa kizibao cha kung'aa, nimeshika dodoso. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akatandika mkeka, akatoa stuli za wageni, akaleta chai na viazi. Tukala. Usiku nilienda kulala gesti mjini pamoja na timu, kisa gari la mradi. Kutoka mjini hadi kwa mama siyo hata saa moja.

Siku ya mwisho nikarudi kumaliza dodoso. Swali lilikuwa linauliza kama mhojiwa ana pingamizi lolote kuhusu ndege hizo. Nikamsomea mama yangu mzazi vile vile lilivyoandikwa.

Akasema, "Hakuna tatizo mwanangu. Waje tu, wafanye kazi yao."

Nikaandika: hakuna pingamizi. Majirani nao wote, hakuna tatizo, karibuni sana, mngetuambia tuwaandalie ndizi. Nikaondoka kifua mbele. Nikamwambia Dokta jamii haina shida.

Kila Mshambaa anayesoma hapa ameshashika kichwa. Mgeni kwetu haambiwi shida. Amepanda mlima mpaka kwako, unampa chakula na maneno mazuri, anashuka salama. Shida ni za wenyeji. Nilikuwa najua hilo tangu nanyonya, na nikalisahau kwa sababu ya karatasi.

Nikarudi Morogoro kuchambua data. Kwa wastani wa saa, kelele za ndege zilikuwa ndani ya kiwango. Wastani ni kitu cha ajabu wakuu, unachukua dakika chache za kuziba masikio unazimwagia kimya cha saa nzima, mambo yanakuwa sawa. Zile siku mbili bila ndege nilikuwa nimeona kwenye grafu sauti za watu asubuhi, nikazikata zote bila kuzisikiliza na kuziandika "kelele za binadamu". Ndivyo utaratibu unavyosema, usichafue data.

Zikabaki asubuhi mbili za ndege. Ilikuwa mchana, nimekaa mezani na wali wangu niliofungiwa mgahawani, nimevaa spika za masikioni, nasikiliza ili niweke alama kila ndege inapopita.

Nikamsikia mama.

"Daadaaa." Halafu ndege ikaja ikafunika kila kitu. Ikaondoka. "Daadaaa." Kimya kidogo, kwa mbali kama kuna sauti inaanza, ndege ya pili. Ikaondoka. Mama akaita tena. Sasa sauti ilikuwa ya juu zaidi, na yeye hapendi kupandisha sauti. Ndege. Akaita mara ya nne, ya tano, akakohoa. Halafu nikasikia kandambili zake zinapita karibu kabisa na kinasa, anarudi ndani.

Siku ya pili aliita mara mbili tu.

Na jioni ya siku hiyo hiyo ya pili ndiyo nilimsomea dodoso, akaniambia hakuna tatizo.

Sikumaliza kile chakula. Sioni aibu kusema nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa sijasikia sauti ya mama ya asubuhi kwa miaka minne, na nilipoisikia ilikuwa inamtafuta mtu haimpati, na iliyoifunika ni kazi niliyoisimamia mimi.

Nikaenda kwa Dokta. Nikamchezea ile sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hii nitaiweka safu gani?" akauliza. "Kuna shule, kuna zahanati, kuna mifugo, kuna wanyamapori. Kuitana hakuna."

"Andika mawasiliano ya jamii."

"Na dodoso zako zote zinasema hakuna tatizo."

"Dodoso zangu ni mbovu, Dokta. Niliuliza kama mgeni, wakanijibu kama mgeni."

Nilitegemea anifukuze, deadline ilikuwa imetukaba. Akanipa siku tatu.

Nikapanda peke yangu, kwa basi. Sina kizibao, sina karatasi. Safari hii nililala kwa mama. Asubuhi nikakaa naye jikoni nikimenya viazi, moshi unaniliza, na nikauliza tofauti. Sikuuliza pingamizi. Nikauliza, "Mama, zile siku za ndege, uliongea na mama mkubwa?"

Akasogeza kuni motoni. "Siku ile ya kwanza nilijua ameanguka," akasema. "Nilimtuma mtu ashuke mtoni akamwangalie. Kumbe naye amemtuma mtu wake aje kwangu. Wamekutana njiani."

"Sasa mbona uliniambia hakuna tatizo?"

"Ulikuja na wenzako, umesimama na kalamu. Nikuharibie kazi mbele za watu?" Akageuza kiazi mkononi. "Na ulikuwa unaondoka. Mtu anayeondoka anaambiwa heri."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Mama yangu aliniweka kundi la wageni, na alikuwa na haki.

Majirani nao, nikiwakuta shambani na kuuliza hivyo hivyo, wakafunguka. Msiba unatangazwa kwa kuita. Ng'ombe akipotea wanaita. Gari la mboga likifika barabarani, wa chini anamwita wa kati, wa kati anamwita wa juu. Zile asubuhi mbili baba mmoja alikosa gari, kabichi zake zikabaki zinanyauka shambani.

Nikaandika yote. Dokta akayaweka kwenye ripoti, safu yake peke yake.

Kwenye kikao cha kuwasilisha alikuwepo afande mmoja wa kambi ile, mkubwa, mpole wa sura. Akaomba asikie. Tukacheza ile sauti ya mama ukumbini, mbele ya watu na viyoyozi vyao.

Afande akauliza, "Wanaitana saa ngapi?"

Nikamwambia kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa mbili, kabla ya watu kuingia mashambani.

Akasema njia haiwezi kubadilika, ile ya pili ina msitu na watu wa manyoya walishaikataa. Lakini saa zinaweza kubadilika. Upande wa milima mazoezi yataanza saa tatu. Ikaandikwa kwenye masharti, na mpaka leo wanayafuata, nawapa haki yao.

Nilitoka pale najiona nimefanya kitu. Nikampigia mama, akaniombea dua ndefu mpaka salio likakata.

Ningetamani uzi uishie hapa.

Mvua zilizofuata mama mkubwa aliteleza uani kwake. Wanawe walipanda wakamchukua, wakampeleka Tanga mjini awe karibu na hospitali. Yuko hai, anaendelea vizuri, lakini yule wa kupanda mlima tena siyo. Nyumba imefungwa, ufunguo uko kwa jirani.

Wiki iliyopita nikampigia mama. Nikamuuliza ndege zinasumbua? Akasema hapana, asubuhi kunapendeza, kimya, hata jani likianguka unasikia.

"Unatoka nje bado asubuhi?"

"Natoka."

"Unaita?"

"Naita."

"Nani anaitikia sasa, mama?"

Nikasikia kandambili zake zikitembea uani.

"Naita tu," akasema.

Wakuu, tangu siku hiyo sina raha. Nikiamka saa kumi na mbili na nusu naiona ile picha, kikongwe amesimama ukingoni ananyamaza kusubiri jibu, bonde zima limetulia kwa amri ya jeshi, na hakuna kinachorudi.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kwenu na karatasi, watakujibu kwa ajili ya karatasi. Kaa jikoni kwanza. Na usidhani ukiokoa saa ya mtu umemwokoa mtu. Nilipigania bonde liwe kimya, na mama hakuwa akihitaji kimya. Alikuwa anamtaka mtu wa ng'ambo.

Nimeomba likizo, nimepewa wiki tatu. Kesho kutwa napanda. Sifikii kwa mama. Nitapita njia ya mtoni nifikie ng'ambo, nichukue ufunguo kwa jirani, nilale kwa mama mkubwa. Mama hajui.

Sasa ndugu zangu mliokulia milimani, Lushoto, Upare, Uluguru, popote mnapoitana, naomba mniandikie hapa chini. Jana nilijaribu kichakani nyuma ya ofisi na sauti ikakatikia kooni, nimekaa mjini mno. Mnaanzia wapi, kifuani au tumboni? Mnavuta pumzi kiasi gani? Nina siku mbili za kufanya mazoezi, na asubuhi ile mama akiita sitaki arudie mara ya pili.